Sikio la Malkia wa Ngurumba

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu kaja na habari. Chama chao cha wasomaji wa hadithi za Ngurumba (vitabu vitano vinene, majoka, mapanga, malkia aliyekatwa sikio vitani) kinakutana Jumamosi maktaba. Safari hii wanataka sarafu za Ngurumba, za kushika mkononi. Mwenye sarafu nzuri kuliko wote atakalia kiti cha mfalme, ubavuni mwa mwenyekiti. Na mwenyekiti ni mke wangu!

Mwaka jana kiti hicho alikikalia Mzee Mihuri, mchonga mihuri, jirani yangu wa kazini. Mchana kutwa, kavaa taji la karatasi, anachekeshana na mke wangu. Nilivumilia. Mwaka huu, thubutu! Mimi fundi funguo, chuma nakijua. Mke wangu akanisihi nisome walau kitabu kimoja kwanza. Nikamwambia jalada linatosha.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshinda nachonga kalibu. Kazi yenyewe nyepesi. Unachonga sura kwenye chuma, unaweka kipande cha shaba, unagonga kwa nyundo, basi. Malkia nimemnakili vilevile alivyo kwenye jalada. Sikio la kushoto halipo.

Jioni nikaenda kwa Mzee Mihuri, eti kuazima patasi. Nikachungulia kalibu yake. Lahaula! Kakata sikio la kulia! Mtu mzima, kachonga mihuri maisha yake yote, kushoto na kulia vinampiga chenga. Nikajikausha. Akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema jino linauma. Akanipa kidonge, akaniambia nisikae na maumivu. Mtu mwema. Nilikaribia kumhurumia.

Alhamisi, 6 Juni

Sarafu tayari! Nimezilowesha kwenye siki, nikazipaka masizi, zionekane zimetoka pangoni mwa joka. Nyeusi tii, hata sura huioni vizuri. Ukale wenyewe huo.

Mke wangu analalamika beseni la kuogea linanuka siki. Akataka kuziona. Nikakataa, atashangaa na wenzake. Baadaye akanifuma kwenye kiti cha jikoni, najizoeza kukaa kifalme. Nilidhani atanicheka. Akaninyoosha mabega tu, akasema mfalme hakunji mgongo.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Pale maktaba mke wangu alichukua sarafu yangu, akaifuta masizi kwa upindo wa joho lake. Akaitazama. Akanitazama. Malkia hana sikio la kulia! Sarafu ya Mzee Mihuri ikazungushwa: la kushoto halipo, sawasawa na jalada. Mwenyewe akaninong'oneza kwamba kalibu huchongwa kinyume, ndipo sura itoke sawa kwenye sarafu. Alidhani kila fundi anajua.

Hapo ningenyamaza. Mdomo ukaniponza. Nikatangaza kwamba huyu si Malkia, ni tapeli aliyejifanya Malkia, na aliteka kiti cha enzi katika kitabu cha tatu. Mke wangu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba katika kitabu cha tatu Malkia bado ni mtoto na ana masikio yote mawili. Watu wazima waliovaa majoho walicheka hadi wakashika mbavu.

Kiti akapewa Mzee Mihuri. Mimi nikapewa kazi ya kupanga viatu mlangoni.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka nikamkuta mke wangu kaivaa sarafu yangu shingoni. Kaitoboa mwenyewe, katia uzi. Nikamwambia avae ya Mzee Mihuri, ndiyo sahihi. Akasema sahihi ziko nyingi, hii iko moja, na aliyeitengeneza hakulala siku tatu ili akae karibu naye. Nampenda mwanamke huyu, basi tu.

Akanisomea kitabu cha kwanza. Nilisinzia kabla joka halijatokea. Kabla ya hapo alinitaka niahidi kwamba mwakani nitasoma, na nitamwuliza Mzee Mihuri. Nikaahidi.

Saa hii kalala. Nimeshaanza kalibu ya mwakani. Kusoma kwa nini? Kuuliza kwa nini? Safari hii Malkia nimemkata masikio yote mawili. Tuone nani ataniambia nimekosea upande!