Siku Niliyomhesabia Mzungu Matundu ya Sangara

Niliumbuka, jamani. Miaka imepita, nina wajukuu, lakini nikiikumbuka siku ile masikio bado yanawaka moto.

Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vya samaki vilipoanza kuota kandokando ya ziwa kama uyoga. Mwanza ilikuwa imechangamka! Jinzi za mitumba zilifika mpaka Kisesa, redio kaseti zinalia kila kibaraza, na jioni Ilemela nzima inanukia mapanki ya kukaanga. (Mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Tuliachiwa mifupa, na tuliila tukilamba vidole.)

Mimi nilikuwa mkata minofu. Buti nyeupe za mpira, kofia, kisu kikali. Nilikuwa pia na fomu foo, ambayo baba aliiuzia ng'ombe wawili, na niliitangaza kiwanda kizima kuliko mchungaji anavyotangaza harambee.

Asubuhi moja akaja mnunuzi, Mzungu mrefu mwenye daftari. Mkalimani wa ofisi yuko kwao, kalazwa na malaria. Mzee Masanja, msimamizi wetu, akaniita.

"Binti, Kiingereza unakijua au unakisimulia?"

"Nakijua, mzee."

"Haya. Ukifanya vizuri leo utahamia ofisini. Kuna kiti."

Kiti! Mtu anayeshinda amesimama kwenye maji ya barafu ndiye anayejua maana ya kiti.

Rafiki yangu Kokusima, Mhaya wa meza ya pili, akaninong'oneza: "Usituaibishe, dada. Sema taratibu."

Nikaanza vizuri. Kichwa, "hedi". Mkia, "teli". Bondo, lile puto la ndani ya samaki, sikulijua kwa Kiingereza, nikasema "baluni of fish". Mzungu akaandika! Nikapata nguvu. Nikakumbuka hata somo la darasani: "pati" ni sehemu ya kitu, "wole" ni kitu kizima. (Mwalimu wetu alilisoma kama lilivyoandikwa. Na sisi tukaitikia kwa sauti moja: wole!)

"Hedi is pati of fish," nikamweleza. Kokusima akanikonyeza.

Ndipo Mzungu akauliza kama tunauza "holi fish".

Holi nililijua sana! Mkaguzi wetu akiona mnofu wenye tundu, alikuwa anapiga kelele "Holi!", mnofu unatupwa pembeni na siku yako imeharibika. Nikajua huyu anatutega.

"No holi, sir," nikasema kwa fahari. "Never!"

"No holi fish?"

"No holi! We are clean!"

Mzungu akanywea. Akaanza kufunga daftari.

"Mbona anafunga?" akauliza Mzee Masanja.

"Ameridhika, mzee." (Mungu anisamehe.)

Lakini Mzungu hakuondoka. Akamnyooshea kidole sangara mkubwa aliyelala mezani, hajaguswa na kisu. Na huyu je, akauliza, si holi?

Nikamkagua. Nikamgeuza huku, nikamgeuza kule. Nimelelewa na mama mlokole, uongo sikuuweza. Nikampanua mdomo.

"One holi, sir," nikakiri.

Nikamfunua mashavu. "Two. Three."

Na kwa kuwa ukweli nusu ni dhambi, nikamwinua mkia, nikamwonyesha mgeni tundu la mwisho.

"Sorry, sir. And this one."

Visu vyote vikasimama.

Mzungu akafungua daftari, akaandika neno moja kwa herufi kubwa, akanigeuzia nisome. WHOLE.

"Wole!" nikapiga kelele. "Wole fish! Yes, sir! Many, many wole!"

Alicheka mpaka akakalia kreti, machozi yanamtoka. Mzee Masanja, ambaye hakuelewa neno hata moja, naye alicheka, maana nilichomwonyesha mgeni alikiona. Kokusima alikuwa chini ya meza. Alipotoka huko akamalizia mazungumzo yeye, kwa Kiingereza kinachoteleza kama samaki. Kumbe alisoma kwa masista! Mzungu akaagiza minofu, akaagiza na sangara wazima. Kiti akapewa Kokusima.

Jioni nilimkuta ufukweni, juu ya jiwe, ananisubiri na sahani ya mapanki.

"Kwa nini hukuniokoa?" nikamuuliza.

"Dada, nilitaka. Ulipofika tundu la pili pumzi ikanikatika."

Nilikusudia kununa. Nikashindwa. Tulikula, tukacheka mpaka wenye mitumbwi wakageuka kututazama. Miezi ile yote iliyofuata, Kokusima alinifundisha Kiingereza kila jioni palepale, neno kwa neno, mpaka na mimi nikaitwa ofisini.

Kiwanda kilishafungwa. Kokusima alirudi Bukoba, na barua zikakoma. Ningerudishiwa siku moja tu ya ujana wangu, ningeichagua hiyohiyo na aibu yake.

Ila mkia nisingeuinua.