Rekodi Thelathini na Moja za Bi Mkunga

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu yeyote kitu chochote. Jina alilipata kwa sababu ya miwani, na miwani aliiokota kwenye kiti cha basi. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la kutoa kopi, hanunui wala haondoki, alipomsikia mwanamke mzee akimuuliza mwenye duka namna ya kuzitoa sauti kwenye kinasa sauti ziwe maandishi.

"Hapa ni kopi tu, bibi," alijibu mwenye duka.

Profesa akaiweka sawa miwani. "Shikamoo mama. Umefika. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Bi Mkunga. Macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, hivyo alikuwa amesimulia kwenye kile kidude habari za watoto aliowazalisha kwa miaka arobaini, rekodi thelathini na moja, ili wajukuu waje wasome.

"Utasikiliza zote, mwanangu?"

"Neno kwa neno."

"Nimekohoa sana humo."

"Nikikuta kikohozi, mama, nakiandika."

Profesa akapokea nusu ya malipo kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa.

Nyumbani alichomeka waya, akahamisha faili zote kwenye kompyuta, akafungua programu ya bure ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Mpango haukuwa na makuu. Programu ingeandika itakachoandika, yeye angenyoosha ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na katikati Mungu angejua. Mteja asiyeona vizuri huipima kazi kwa uzito wa karatasi. Tatizo ni kwamba programu hiyo ilikuwa haijui Kiswahili na ilikuwa haina haya. "Nilimzalisha mke wa dereva" ikawa "nilimsafisha mkeka wa ndege."

Ili kuunyoosha ukurasa wa kwanza ilimbidi asikilize rekodi ya kwanza. Katikati ya habari za maji ya moto na mikasi, sauti ya Bi Mkunga ikashuka: "Kile alichokizika marehemu mume wangu hapa uani, sijamwambia mtu. Mahali penyewe nitapataja huko mbele, nikikumbuka."

Profesa akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akatazama programu ilivyoandika: "Kitoweo cha muziki."

Basi akaizima. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uchapaji, Profesa alichapa.

Alichapa siku tisa, tangu kunapokucha hadi jua linapozama, mpaka mkewe akamshika paji la uso kuona kama ana homa. Hakuthubutu kuruka hata sekunde, maana Bi Mkunga alikuwa na tabia ya kudondosha jambo palepale mtoto anapotoka. Katika rekodi ya nne alisema ni nyuma ya jiko. Katika ya kumi na mbili, hatua tisa kutoka ukutani. Katika ya ishirini na nane akataja kina: futi kumi na mbili. Mara mbili Profesa alivua miwani akafuta macho, na hayo hayakuhusiana na mali.

Siku ya kumi alimpelekea karatasi zake.

"Mama, nimekuonea huruma na hili jua. Nikupandie mti nyuma ya jiko. Bure kabisa."

"Mti wa namna gani?"

"Wenye mizizi mirefu."

"Haya, mwanangu. Sururu ile pale."

Alichimba siku nne. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Alipofika futi kumi na mbili hakukuta hata kifuniko cha sufuria. Akainua uso na kumwona Bi Mkunga ukingoni, pamoja na fundi mwashi aliyekuwa akishusha futi kamba shimoni.

"Kamili," alisema fundi. "Kesho naanza kujenga choo."

Profesa akaweka sururu chini. "Mama, na kile alichokizika marehemu?"

"Paka. Tulimzika kule mbele, karibu na geti." Bi Mkunga akajitanda vizuri. "Wachapaji wawili waliokutangulia waliniletea uchafu. Jirani aliponisomea, nikasikia nimezalisha jogoo. Nikaona mtu wa kunisikiliza lazima nimpe sababu."

"Nisaidie ngazi, mama."

"Ngoja kwanza. Mapacha wa stesheni ya treni, nani alitangulia?"

Profesa akajibu taratibu: "Wa kike. Wa pili alikawia mpaka treni ikaondoka, na baba yao alikuwa amebaki ndani ya treni na nguo zote za watoto. Ukamfunga mmoja kwa kilemba chako, na mwingine kwa bendera ya mpiga filimbi wa stesheni."

"Ya rangi gani?"

"Kijani, mama. Ulisema ile nyekundu uliikataa, watu wangedhani kuna hatari."

Bi Mkunga aligeuza uso upande wa jiko.

"Mpe ngazi," alimwambia fundi.