Kudai Fidia ya Uso Wangu Uliolainishwa na Dawa ya Kiungulia

Nyuma ya kinu cha unga,
Kiganjo.

Kwa Wakili Reema, binti wa Shantilal wa duka la dawa, Nyeri mjini.

Binti yangu,

Mimi ni Gathogo, niko na miaka themanini na tatu. Nimeishi kuliko machifu saba, na kuliko madaktari wawili walioniambia niache mafuta ya mbuzi. Wote wawili nilienda kuwazika, na huko matangani nikakula vizuri.

Ninataka unisaidie kumshtaki baba yako. Usishtuke. Nimekuchagua wewe kwa sababu hilo duka unalijua mpaka droo, na yeye hawezi kukudanganya.

Kiungulia nimekaa nacho miaka arobaini. Januari baba yako akanipa kapsuli, ati moja asubuhi kabla ya chai. Kikaisha kabisa. Hapo ndipo hasara ilianza, na ninaiandika kwa namba ili jaji asipotee.

1. Uso. Ukoo wetu ukiwa na ruracio, yaani siku ya kuzungumza mahari, msemaji ni mimi. Upande wa kijana wakitaja mbuzi, kiungulia kinapanda, ninakunja uso, wanaongeza. Sikuwa ninasema kitu. Hata makuruta wa chuo cha polisi wakipita hapa kwangu na mbio zao, wakiuona huo uso walikuwa wanakata nyimbo. Sasa mwezi wa tatu walikuja watu wa Kiriaini kumwomba mjukuu wangu Nduta. Msemaji wao, Kinyua, alitaja mbuzi wachache sana, wa kuaibisha. Nikangoja kiungulia. Hakikuja. Badala yake nikatabasamu, sijui kutoka wapi. Kinyua akawaambia wenzake, "Huyu mzee ameridhika, tusimharibie siku." Wakakaa chini wakaomba chai.

2. Njahi. Tangu nimuoe Watiri nimekuwa nikimwambia njahi, yale maharagwe meusi, zinanichoma kifua, kwa hivyo ananipikia nyama. Sasa anajua nimepona. Ninakula njahi Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili ananipashia zile zilizobaki.

3. Kanisa. Mhubiri akiniona nimeshika kifua alidhani ni dhambi zinaniuma, akawa anafupisha mahubiri anihurumie. Siku hizi ananiona nimekaa raha, anasema bado sijaguswa, anaanza upya. Jumapili iliyopita tulitoka saa nane. Kwa hivyo mlalamikaji si mimi peke yangu, ni ushirika wote, pamoja na watoto.

4. Cheo. Hii ndiyo kubwa. Jumamosi watu wa Kiriaini wanarudi kumaliza maneno ya Nduta, na ukoo umenivua usemaji ukampa binamu yangu Ngugi. Ngugi hajui kuongea, hata jina lake analitaja akifikiria. Lakini ana vidonda vya tumbo na hanywi dawa, basi uso anao. Mimi nimeambiwa nitashika birika.

Sheria nimeitafuta mwenyewe. Ndani ya pakiti kuna karatasi imekunjwa mara nane. Nilimpa Nduta anisomee yote. Imeandika kichwa kuuma, imeandika kuhara, imeandika tumbo kujaa gesi. Hakuna mahali imeandika uso kulainika. Mtu akikuuzia mbwa bila kukuambia habweki, si hiyo ni kesi?

Fidia sitaitaja. Mtu hataji kwanza. Wataje wao, mimi nikunje uso, waongeze. Lakini uso haukunjiki, na ndiyo maana ninahitaji wakili. Kama pesa ni ngumu, wanirudishie kiungulia changu kabla ya Jumamosi, kikiwa na nguvu ileile.

Wa kunishuhudia wako. Simeon, mchomaji wetu wa nyama, aliniona nikitabasamu akaangusha kisu. Mhubiri pia, lakini mwambie aseme kwa kifupi. Watiri anaweza kuitwa, ila habari ya njahi asiulizwe.

Msalimie mama yako Prabha, na wote wa dukani, na baba yako pia, maana sina ubaya naye.

Ni mimi, mwenye kudhulumiwa lakini bado mwenye nguvu,
Mzee Gathogo.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Simeon amefika na habari. Ngugi alienda sokoni Kiriaini kuwasalimia wale watu. Walipomwona uso wakasema msichana wa nyumba hiyo hawamtaki tena, isipokuwa msemaji awe yule mzee wa kucheka. Akiwa mimi, wataongeza mbuzi na ng'ombe juu. Nduta alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Ameniletea maji kwa kikombe na kapsuli kwa kiganja, akasema, "Guka, meza."

Nimemeza. Ilikuwa ya mwisho. Mwambie baba yako ampatie huyu mleta barua pakiti mbili, na kesi ilale hadi Jumatatu. Mbuzi wakipungua hata mmoja, barua ibaki vile iko.