Rangi Sita Ndani ya Kanzu

Amisi na Kitenge, ndugu zangu,

Nimeumbuka leo. Mchana kweupe, mbele ya wakwe zangu na nusu ya Kasongo, nikiwa nimelazwa juu ya kitanda kinachobebwa na watu wanne.

Nawaandikia mbio mbio. Kamyo la chumvi linaondoka kesho kuja kwenu Kabambare, na dereva wake, Shabani, ni mmoja wa wale wanne. Mdomo wake mnaujua. Heri mnisikie mimi kwanza.

Mnakumbuka tulivyojifunza kazi pamoja, kuandika majina juu ya milango ya maduka na ubavuni mwa makamyo. Ninyi mkipata burashi, mnachora. Mimi nikipata burashi, naitafutia mwenzake ili isikae pweke. Basi mwezi uliopita mvua ilivuja ndani ya nyumba, mke wangu Zaina akalivuta sanduku langu la bati kutoka chini ya kitanda lisilowe. Akalifungua. Akakuta burashi kumi na moja ambazo hazijawahi kuonja rangi. Makopo yaliyokauka bila kufunguliwa. Karatasi nene za Ulaya, nyeupe vile vile zilivyotoka dukani, ila mende walikuwa wameanza kuzichora wenyewe pembeni.

Zaina hakupiga kelele. Alivipanga vyote sakafuni kama mtu anayeuza sokoni, akavitazama kwa muda, akasema:

"Sumaili, wewe hupendi kuchora. Unapenda kununua."

(Neno hilo liliniuma siku tatu. Lingekuwa la uongo, lingeniuma moja.)

Habari ikafika kwa baba yake, Mzee Feruzi. Mzee ana kibanda karibu na soko, alikuwa anaweka mpunga humo, na nilikuwa nimemwomba anipe nikifanye karakana. Fikirini: mlango unaotazama soko lenyewe! Kila mwenye duka akipita ananiona. Akaniita akaniambia: "Mukwe wangu, kibanda iko. Lakini siwezi kumupa mutu ufunguo kama yeye mwenyewe hawezi kujifunga. Kaa mwezi muzima bila kununua rangi. Tumia ile unayo. Kisha uje."

Nikampa neno langu. Na nililishika, wallahi. Siku ishirini na tisa nilipita mbele ya maduka nikitazama miguu yangu.

Leo ilikuwa siku ya kwenda kuchukua ufunguo, saa nne. Nikavaa kanzu yangu nyeupe ya sikukuu kwa heshima ya mzee. Zaina alikuwa ametangulia kwa wazazi wake kumsaidia mama yake kupika, akaniachia agizo moja tu: nipitie dukani nichukue chumvi. Chumvi, ndugu zangu. Mtu atakosea wapi katika chumvi?

Nikaingia kwa yule Mugreki tunayemwita Bwana Polepole, kwa jinsi anavyopima sukari. Nikamkuta anafungua kasha la mbao lililotoka Ulaya. Bwana mmoja wa kampuni alikuwa ameliagiza, akahamishwa kabla halijafika. Polepole akatia mkono kwenye majani makavu, akatoa kitu, akakiweka juu ya meza.

Rangi ya mafuta. Si ya kopo. Ya mrija! Mrija wa bati laini unaoukamua kidogo kidogo, mnene kama kidole gumba, una ukanda wa rangi yenyewe kiunoni. Miaka yote tumesikia tu habari za mirija hiyo, na leo imelala mbele yangu, umbali wa mkono mmoja.

"Chumvi," nikasema.

Akanipimia chumvi. Nikatoka. Nawaambia nilitoka, na moyo wangu ulijivuna.

Nilifika hadi kwa fundi cherehani, nyumba ya pili. Hapo nikakumbuka kwamba kutazama si kununua. Nikarudi. Polepole akafungua kifuniko cha nyekundu, akanionyesha. Nyekundu yetu sisi ni nyekundu ya matofali, mnaijua. Hii ilikuwa nyekundu ya pilipili iliyoiva leo. Nikanusa. Nikafumba macho. Nikatoka tena.

Mara ya pili nilifika mbali zaidi, karibu na msikiti. Nikasimama juani nikajiuliza: mwezi wa mzee unakwisha lini hasa? Nilitoa neno langu asubuhi, kwa hiyo umekwisha leo asubuhi, na sasa ni saa tatu na nusu. Nikawa mshitakiwa, nikawa shahidi, nikawa hakimu, nikajiachilia huru, nikarudi dukani karibu nikikimbia.

"Nyekundu peke yake," nikamwambia Polepole.

"Peke yake," akasema.

Lakini nyekundu bila kijani utachora nini? Nyama bila mboga. Na kijani bila manjano? Na manjano bila ile buluu? Nyeupe ni lazima, kila mchoraji anajua. Na zambarau ilikuwa imebaki pembeni pale, nikaionea huruma.

Sita.

"Na muke wako Zaina, iko anajua?" Polepole akauliza, akizifunga polepole.

"Zifunge tu, bwana."

Sasa, nitazificha wapi? Nikaomba ruhusa nikaingia nyuma ya duka, nikapandisha kanzu, nikaipanga mirija kifuani mmoja mmoja, kisha nikaizungushia kitambaa mbavuni nikakaza vizuri. Nilipotoka nilikuwa nimenyooka kama askari kwenye gwaride. (Kuinama kulikuwa hatari.) Nia yangu ilikuwa nipite kwanza nyumbani nizifiche, ndipo niende kwa mzee. Jua lilikuwa kali, nilitoka jasho, lakini furaha niliyokuwa nayo siwezi kuwaandikia. Nilikuwa nachora njia nzima kichwani.

Njia ya nyumbani inapita mbele ya ua wa Mzee Feruzi. Zaina alikuwa amesimama mlangoni.

"Umechelewa. Baba anakungoja." Akachukua chumvi mkononi mwangu. "Mbona unatembea hivyo?"

"Mgongo," nikasema.

Mzee alikuwa ameketi barazani, ufunguo umelala juu ya goti lake. Mama mkwe alikuwa jikoni. Nikawaamkia wote wawili kwa mbali, kwa heshima, bila kuinama sana. Shabani dereva alikuwa hapo uani na wenzake wawili, wanaziba gurudumu la kamyo.

"Mukwe wangu," mzee akaanza, "mwezi imekwisha. Ulinunua kitu?"

"Baba, mwezi ule wote sikununua."

(Someni tena jibu hilo. Halina uongo hata neno moja. Ndiyo maana lilinitoa jasho jipya.)

Mzee akainua kichwa. Akanitazama, na nikaona macho yake yamelowa. Akasema alijua ningeshindwa siku ya nne, alikuwa amemwambia hata mkewe. Akasema leo nimempa furaha. Kisha akasimama, ufunguo mkononi, akafungua mikono.

Huku kwetu baba mkwe hamkumbatii mkwe wake. Mnajua. Anakupa mkono, na ukibahatika anakupa kuku. Sijui leo kilimwingia nini. Na Mzee Feruzi alibeba magunia ya mpunga ujana wake wote. Mikono yake bado haijaambiwa kwamba yeye ni mzee.

Akanivuta kifuani kwake, akakaza.

Nikasikia: pu.

Kisha kitu cha vuguvugu kikaanza kushuka taratibu kuelekea kitovuni.

Mzee aliponiachia, wote wawili tulitazama chini. Katikati ya kanzu nyeupe, doa jekundu lilikuwa linakua. Lilikuwa dogo kama senti, likawa kama kikombe, likawa kama sahani.

"Mungu wangu," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Nimemuvunja."

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu, ndugu zangu. Neno moja lilitosha. Nikamtazama Zaina, nikautazama ufunguo, nikafungua kinywa.

Nikasema: "Aaa."

Nikajilaza chini.

Mama mkwe alitoka jikoni akaanza kulia. Shabani na wenzake wakaacha gurudumu, wakatoa kitanda cha kamba ndani ya nyumba, wakaniinua. Mtu wa nne alikuwa mzee mwenyewe, alikataa mtu mwingine ashike mahali pake. Zaina akatembea kando, ameshika mkono wangu. Alikuwa analia pia. Nikafumba macho nikaona heri nife kweli.

Dispansari iko ng'ambo ya soko. Kwa hiyo tulipita sokoni.

"Iko nani?"

"Sumaili muchoraji."

"Amefanya nini?"

"Mbavu."

Mwanzo wa soko nilikuwa nimevunjika mbavu. Kwenye meza za samaki nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya paa. Tulipotoka upande wa pili nilikuwa nimeshikwa na chui huko njia ya Wamaza, na mtu mmoja alisema amemwona chui mwenyewe. Watu wakazidi kufuata. Polisi mmoja akavua kofia yake nyekundu nilipopita.

Na kitanda kinatikisika. Kila hatua ya Shabani (ana hatua ndefu na mbaya) kitambaa kinakaza zaidi. Pu. Nikasikia ya pili imekwenda. Mama mmoja aliyekuwa anatembea upande wangu wa kushoto akapiga kofi paja lake.

"Angalieni kijani hiyo. Nyongo imepasuka. Huyu hafiki."

Vilio vikaongezeka. Zaina akaangalia ile kijani. Akaitazama muda mrefu kidogo kuliko mtu anayelia.

Kwenye dispansari wakaniweka juu ya meza iliyotandikwa shuka. Muuguzi Kalonda, mtu mtulivu, anavaa miwani, akawatoa watu nje wote isipokuwa mzee na Zaina. (Waliotolewa nje walihamia dirishani.) Akaniinamia. Akanusa. Akanusa tena.

"Damu hii," akasema, "iko na harufu ya mulango mupya."

Mzee hakusikia. Alikuwa amepiga magoti kando ya meza, ameshika miguu yangu, machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu.

"Munganga, muponyeshe. Ni mimi nimemuua kwa mikono yangu. Mutoto huyu alishika neno lake mwezi muzima, na mimi nimemuvunja siku ya furaha yake. Nitamupa kibanda. Nitamupa na mbuzi."

Ndugu zangu, nimesema uongo mwingi mdogo maishani mwangu, na mara nyingi ninyi mlikuwepo. Lakini sijawahi kuona mtu mzima analilia wema ambao sina. Mkasi wa Kalonda ulikuwa umeshagusa shingo ya kanzu. Nikaketi.

"Baba," nikasema. "Simama, baba. Si damu. Ni rangi."

Mzee akainua uso. "Rangi gani?"

"Nyekundu, baba." Nikajitazama tumboni. "Na kijani kidogo."

Dirishani vichwa vikasongamana. Kalonda akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, pengine ili asinitazame. Nikapandisha kanzu, nikafungua kitambaa, mirija ikaanguka juu ya meza, mingine imebonyea kama maganda ya ndizi. Na wakati huo manjano, ambayo ilikuwa imevumilia mpaka hapo, ikajikamua yenyewe juu ya goti langu.

Zaina ndiye aliyesema kwanza.

"Ulinunua ngapi?"

"Sita."

"Zimebaki nzima ngapi?"

Nikazihesabu. "Tatu."

Mzee Feruzi akasimama polepole. Nilidhani atanipiga, na ningemwachia. Akakaa juu ya benchi la wagonjwa, akajifuta ndevu, mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia tena, nikazidi kuvunjika moyo. Kumbe sivyo. Alicheka mpaka Kalonda akamletea maji. Dirishani wakapokea, na kutoka dirishani kicheko kikaenda sokoni, nilikisikia kikipita meza kwa meza, kinafuata njia ile ile niliyobebwa.

Alipomaliza, mzee akanyooka, uso ukawa wa baba mkwe tena.

"Nilikuuliza nawe ukanijibu kwa hila," akasema. "Hiyo sitasahau. Mbuzi hakuna."

"Ndiyo, baba."

"Lakini pale juu ya meza ungeweza kunyamaza, ukapata kibanda kwa machozi yangu. Ukasema. Hiyo pia sitasahau." Akatoa ufunguo, akanipita mimi, akamwekea Zaina mkononi. "Kibanda ni ya kwako, mutoto wangu. Huyu ni mufanyakazi wako."

Kwa hiyo tangu saa nane mchana niko kazini. Bosi wangu amelileta sanduku lote la bati, ameweka kiti mlangoni, na amesema kopo jipya haliingii humu mpaka burashi zote kumi na moja ziwe zimelowa. Amenichagulia kazi ya kwanza pia: ubao wa dispansari, bure, kwa ajili ya shuka la Kalonda nililoharibu. Nimeshaandika herufi nne. Nyekundu ile, Amisi, ile iliyobaki kifuani niliikwangua kwa kisu, na juu ya ubao inawaka kama moto wa mkaa. Kila anayepita sokoni anasimama kuitazama. (Wengine wanasimama kuniuliza hali ya nyongo.) Nimefurahi mpaka naandika nikiimba.

Kanzu imetundikwa ukutani nyuma yangu. Nilimwomba Zaina aifue. Ameitazama vile madoa yalivyoingiliana, akasema hapana, hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoimaliza mwaka huu.

Nawaomba jambo moja tu. Msicheke. Na kama lazima mcheke, chekeni humo humo Kabambare, msije huku. Kasongo wanaocheka wametosha.

Ndugu yenu,
Sumaili