Kuhusu Gari Lenu Lililonifungia na Mama Mkwe Otonglo

Kaloleni, Kisumu.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Malalamiko ya Usalama,
Kampuni iliyotuuzia gari aina ya Fahari, viti saba, jeusi.

Bwana Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na ukiwa nje ya gari.

Nakushukuru kwa barua yako ya juzi iliyonijulisha kwamba gari letu linaitwa lirudi kwenu kwa sababu milango yake "huenda, katika hali adimu sana, ikajifunga watu wakiwa ndani". Nimefurahi kusikia. Sisi tuliingia katika hiyo hali adimu tangu mwezi wa Aprili, na laiti tungejua kuwa ni adimu kiasi hicho tungevaa vizuri zaidi.

Umeniomba nieleze tukio letu kwa maandishi. Nilikwisha kulieleza kwa simu. Binti yenu wa mapokezi aliniuliza mambo matatu: Je, kuna aliyefariki? Je, gari liliwaka moto? Je, kuna aliyevunjika? Nikajibu hapana, hapana, hapana. Akaniambia kwa sauti tamu sana, "Basi baba, hilo si tukio la usalama. Hilo ni usumbufu." Nikamshukuru, kwa maana mtu akikupa jina la ugonjwa wako unamshukuru hata kama hakukupa dawa. Sasa naomba kuueleza huo usumbufu.

Mimi ni Absalom Wandera, muuzaji wa mabomba ya maji hapa mjini. Mke wangu Agneta ni binti wa Mama Rosa Achola wa Dunga, mjane wa mzee Oluoch. Pengine huko kwenye makao yenu makuu mambo ni tofauti, lakini kwetu sisi, na kwao pia, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawali meza moja, hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja. Si ugomvi, ni heshima. Kwa miaka kumi nimemsalimu Mama Rosa nikiwa mlangoni, naye amenijibu akiitazama kalenda iliyo ukutani, na tumeishi kwa amani kuliko watu wengi wanaokumbatiana.

Ndiyo sababu tulinunua Fahari. Muuzaji wenu alituonyesha safu tatu za viti akasema familia nzima itakaa kwa raha. Nilipima kwa macho nikaridhika. Mimi mbele kwenye usukani, Mama Rosa safu ya nyuma kabisa, na Agneta katikati kama kituo cha mpaka wa Busia, salamu zote zikipita kwake zikaguliwe kwanza. Hatukununua gari, bwana. Tulinunua umbali.

Lalamiko la kwanza: milango.

Jumamosi hiyo tulikuwa tukienda Maseno kwenye harusi ya mpwa wa Agneta. Tulipofika Otonglo, Agneta akasema tusimame anunue viazi vitamu. Nikaegesha kando ya barabara, nikazima injini. Akashuka na mkoba wake. Simu yake ilibaki ndani ikichajiwa, lakini ufunguo wa gari, ambao kwa werevu wenu hauingizwi popote, ulikuwa ndani ya mkoba. Alipopotelea kati ya vibanda, gari likaanza kufikiri. Sijui ni nani alilifundisha. Likafikiri kwamba mwenyewe ameondoka, kwa hiyo hawa waliobaki ni wezi. Likafunga milango yote. Nikabonyeza kitufe cha kioo, kimya. Nikavuta kitasa, king'ora kikalia soko zima likageuka.

Niligundua kwamba tukitikisika king'ora kinalia, na tukitulia kinanyamaza. Basi tukatulia, mimi mbele na mama mkwe wangu nyuma, kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Kati yetu palikuwa na kiti kitupu cha Agneta. Jua lilikuwa la saa saba.

Watu wakatuzunguka. Mwanamume mmoja akaweka uso kwenye kioo akauliza, "Mzee, huyo mama unampeleka wapi?" Nikamjibu kwa sauti kwamba ni mama mkwe wangu, na king'ora kikalia tena kunithibitisha. Kilipotulia hakuna aliyecheka. Muuza ndizi mmoja alijifunika uso kwa leso akasema, "Maro! Amefungiwa na maro wake!" Na ninyi ambao hamjui Kijaluo, maro ni mama mkwe. Yule mwanamume akaokota jiwe akalirusha kwenye dirisha la pembeni. Lazima nikisifu kioo chenu: jiwe lilirudi likampiga mwenyewe mguuni. Nikaomba asirudie, nisije nikawa na mashtaka mawili.

Lalamiko la pili: mkanda.

Mama Rosa ana ugonjwa wa presha. Joto lilipozidi akaanza kupumua kwa shida, na kila akivuta pumzi mkanda wenu wa usalama ulimbana zaidi, kwa sababu mkanda huo ukikaza haujui kulegea. Alijaribu kuufungua, ukakataa. Nilimtazama kwenye kioo kidogo cha mbele, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaona midomo yake imekuwa ya kijivu.

Bwana Mkuu, naomba uketi hapo ulipo ufikirie. Mbele yako kuna mama anayezimia. Kati yako na yeye kuna safu nzima ya viti na mila ya mababu wa pande mbili. Nje kuna soko zima linaangalia. Ungefanya nini? Mimi nilikaa. Nakiri nilikaa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, nikimwomba Mungu amlete Agneta. Kisha nikamsikia Mama Rosa akisema, si kwa kupitia mtu, bali kwangu mimi moja kwa moja:

"Baba Naswa, njoo unifungue. Mungu ataangalia kando."

Nikapanda juu ya viti, king'ora kikipiga kelele, viatu vyangu vikipita pale binti yake anapokaa. Nikapiga goti mbele yake. Kifungo cha mkanda kilikuwa kimekwama kiunoni mwake na vidole vyangu havikuingia. Kwenye kikapu chake kulikuwa na mwiko mpya wa kusongea ugali, zawadi ya bibi harusi. Nikachukua mkono wa mwiko, nikausukuma chini ya kifungo, nikakifyatua. Mkanda ukaachia. Hivyo ndivyo nilivyovunja mwiko kwa mwiko, mbele ya mashahidi wote wa soko la Otonglo.

Nikampa chupa ya maji iliyokuwa kwenye mfuko wa mlango wa gari. Nikampepea kwa kitabu cha maelekezo ya gari, kile ambacho binti yenu wa simu aliniambia baadaye nikisome. Nathibitisha kuwa ni kitabu kizuri; kina kurasa pana.

Lalamiko la tatu nalileta kwa uzito.

Baada ya kupata pumzi, Mama Rosa alianza kuzungumza. Tulizungumza kwa kunong'ona, maana sauti ikipanda king'ora kinaamka. Akaniambia kwamba mzee Oluoch, baba mkwe wangu marehemu, alikuwa akitokwa na jasho kama langu akiogopa. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa na haki ya kulijua. Kwa miaka kumi nimeamini kwamba siku nilipokwenda Dunga kumwomba Agneta, mzee alinipenda na mama ndiye aliyenikataa. Nimemlilia mzee huyo kaburini kama baba yangu. Kumbe yeye alisema, "Huyu wa mabomba, mwenye viatu vya kuazima, arudi alikotoka." Mama Rosa ndiye aliyemfuata nyuma ya nyumba akamwambia, "Viatu ni vya kuazima, lakini amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Mwache." Kisha akarudi sebuleni na kuitazama kalenda.

Gari lililotengenezwa vizuri lisingeniruhusu kujua hayo. Ningekufa nikiwa na picha yangu safi ya mzee. Mmeingia katika historia ya familia yangu bila kubisha hodi.

Lalamiko la nne: kipaza sauti. Hili si lenu moja kwa moja, lakini mngetengeneza kitasa lisingetokea. Muuza dawa ya panya aliacha kutangaza panya akatangaza, "Mama mwenye gari jeusi, rudi haraka, mume wako na mama yako wamefungiwa pamoja!" Akarudia kwa Kijaluo, asibaki mtu.

Agneta akaja mbio na mfuko wa viazi. Alipokaribia, gari lenu lilitambua mkoba, likawasha taa, likalia kwa adabu, likafungua milango yote. Alimkuta mumewe amepiga goti sakafuni miguuni pa mamake, kitabu mkononi. Hakusema neno mpaka Maseno, na hata pale alisema tu, "Mwiko uko wapi?"

Tangu siku hiyo Mama Rosa hajakanyaga Kaloleni. Mimi nikienda Dunga, nikifika langoni yeye hutokea mlango wa nyuma kuelekea ziwani. Mwanangu Naswa ananiuliza nyanya yake amekasirishwa na nani. Nimemwambia ni kampuni.

Lalamiko la tano ni uchunguzi wenu.

Mlimtuma mhandisi, Bwana Gordon, kijana mstaarabu, viatu vyake ni vyake. Alikaa ndani ya gari uani kwangu, akafunga milango, akafungua, akafunga, akafungua, akaandika kwamba hakuona hitilafu yoyote. Nikamwonyesha kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Akasema huo ndio utaratibu. Mchunguzi haruhusiwi kuachana na ufunguo kwa sababu za usalama. Halafu akaniomba, Bwana Mkuu, na hapa naomba uniamini, turudie tukio. Soko lile lile, saa ile ile, "na wahusika wote katika nafasi zao za awali".

Nikamuuliza, "Una mama mkwe?"

Akasema, "Ninaye, yuko Kakamega."

"Basi mlete, tutatumia huyo."

Alifunga daftari lake na hajarudi. Kwenye ripoti yenu nimesoma kwamba mteja "hakutoa ushirikiano".

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naamini ni madogo kwa kampuni kubwa kama yenu. Kwenye maswali ya binti wa simu, baada ya kifo, moto na mifupa, muongeze: Je, kuna aliyeaibika? Pili, wewe mwenyewe ushuke Otonglo siku ya soko pamoja na mama wa mke wako, mkae ndani ya Fahari, na ufunguo tutampa muuza dawa ya panya. Ukitoka humo ukiwa bado unaita jambo hili usumbufu, nitaifuta barua hii kwa mkono wangu.

Halafu kuna kondoo. Mjomba wangu Khaemba, tuliyemfikishia shauri hili, ameamua kwamba ni lazima nipeleke kondoo Dunga ili jambo lioshwe na sisi wawili turudi kwenye umbali wetu. Sasa mimi nimetafakari: mlango ni wenu, mkanda ni wenu, na ufunguo wenye akili ni wenu. Kondoo naye ni wenu. Awe mzima, asiwe na hitilafu, na asiwe wa aina ambayo mtaniandikia baadaye kwamba arudishwe.

Mwisho, kuhusu kitasa kipya mnachotaka kunifungia bure: sikitaki. Lichukueni gari lote. Mama Rosa hataingia tena humo, nami sitamwendesha tena maishani mwangu, hata mkiweka safu kumi za viti. Kilichovunjika hapo hakina kipuri, na nyumba yangu haiwezi kukaa karibu na ukumbusho mweusi wenye magurudumu manne.

Nisalimie Bwana Gordon, na umwambie sina kinyongo naye. Msalimie binti wa simu mwenye sauti tamu, wahandisi wote waliolifundisha gari kufikiri, na muuzaji aliyetuahidi raha ya familia. Msalimie pia mama wa mke wako, ukisimama mlangoni.

Ni mimi, mteja wenu, ninayewaheshimu kutoka umbali unaofaa,

Absalom Wandera.

Baada ya kutia sahihi: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha, lakini Agneta aliichukua Jumapili akaenda kumsomea mamake. Naambiwa Mama Rosa alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, akataka asomewe tena pale pa viatu. Anasema hatoki mlango wa nyuma kwa hasira. Anatoka kwa sababu hajui aniangalie vipi baada ya kuniambia yale yote, na anasema tangu mzee afariki hajapata mtu wa kukaa kimya amsikilize bila kutafuta pa kutokea. Sasa ana kliniki ya macho mjini kila Alhamisi. Amekataa kupelekwa na Agneta, eti anaendesha kama mtu anayefukuzwa. Ametuma neno kwamba niende mimi na gari hili hili, na kwamba Agneta anisindikize hadi Dunga, kisha abaki ndani ya nyumba na huo mkoba wake wenye ufunguo. Nilimweleza Agneta kwamba gari halitawaka bila ufunguo. Akaenda kumuuliza mamake, akarudi na jibu: basi tutakaa tu ndani pale langoni, kliniki haikimbii.

Kwa hiyo Alhamisi msimtume fundi. Gari lina kazi.