Mikate Mitatu Kabla ya Baraka

Jumatatu, 3 Aprili
Mgongo afadhali. Tangu daktari anipe vile vidonge vyeupe naweza tena kufunga kamba za viatu. Sheria ya ghala letu: dereva wa foklifti, ile gari ya kuinulia mizigo, akiandikiwa dawa kali ya maumivu, apeleke cheti ofisini. Cheti ninacho. Kipo kwenye droo ya soksi. Nikikipeleka nitapewa ufagio hadi dawa iishe, na Pavlik atakalia foklifti yangu, ambayo kiti chake kimeshachukua umbo langu. Miaka kumi na moja! Leo Doreen wa ofisini kaninong'oneza: Alhamisi tunapimwa mkojo, wanatafuta dawa za kulevya.

Jumanne, 4 Aprili
Nimepata njia. Mji mzima unajua mikate ya mbegu za mpopi huvuruga kipimo, maana mpopi ndio mmea wa afyuni. Wakiona kitu, nitasingizia mkate. Ila lazima niwe nimeula kweli. Mimi si mwongo. Mama mkwe, Irena, ameoka sita na kuifungia kwenye friza. Inangoja Jumamosi padri abariki vikapu vya chakula cha Pasaka, na kabla ya hapo haiguswi. Hata marehemu baba mkwe, akiwa mahututi, aliambiwa asubiri. Nimekula mmoja, na barafu yake.

Jumatano, 5 Aprili
Miwili zaidi. Choo kimegoma, vidonge peke yake vilitosha kunifunga tumbo. Pavlik kauliza ni nini hicho cheusi menoni mwangu, Kwaresima hii. Nikasema pilipili manga.

Alhamisi, 6 Aprili
Nimejaza kikombe, muuguzi akiwa nje ya mlango. Nimetia sahihi. Niliporudi nilimkuta Pavlik akiizunguka foklifti yangu, anapima kiti kwa macho.

Jumamosi, 8 Aprili
Mama mkwe kakuta mikate mitatu tu. Kamshukia dada yake Bernadette kanisani, mbele ya vikapu vyote: "Tangu utotoni wewe ni mdokozi." Bernadette kabeba kikapu chake na kuondoka bila baraka. Mimi niliendelea kushika mshumaa. Nilijisikia vibaya hadi chakula cha mchana.

Jumanne, 11 Aprili
Daktari anayepitia vipimo kapiga simu. Mpole sana. Kaona vidonge, akauliza kama niliandikiwa. Nikasema hapana, ni mikate. Akasema hakuna mkate duniani unaotoa dawa ile, hiyo hutengenezwa kiwandani. Ningekuwa na cheti, akasema, yangeisha kwa dakika moja. Nikakumbuka kwamba cheti ninacho, nikamwambia. Akasema kuna cha pili, mofini, inayotoka kwenye afyuni, ambayo sikuandikiwa. Hiyo ndiyo mikate! Anataka barua ya aliyeioka kabla ya kesho jioni, la sivyo kazi sina.

Jumatano, 12 Aprili
Nimeungama. Mama mkwe alikuwa akimenya mayai ya Pasaka yaliyobaki. Hakuacha kumenya. Kauliza kama angalau niliipasha moto. Kumwomba Bernadette msamaha kakataa. Anasema kama si mikate hii, kuna mingine aliyoidokoa. Barua kaandika. Doreen kaisoma kwa sauti, ghala zima likisikiliza: "Leonard ni mwizi. Hatumii dawa za kulevya. Mikate ilikuwa yangu." Bosi kasema kazi ninayo, ila kwa kuficha cheti nitashika ufagio wiki mbili. Pavlik kashusha kiti changu.

Jumanne, 25 Aprili
Kufagia kumeniua mgongo. Daktari kaniandikia vidonge vipya na cheti kipya, kasisitiza nikipeleke ofisini. Nimekiweka pamoja na kile cha kwanza, kwenye soksi. Ijumaa napimwa tena kabla ya kurudishiwa foklifti. Nimekumbuka kwamba Bernadette naye ana friza, na mikate yake ina mbegu nyingi zaidi. Makosa yangu mara ile nimeyaona: safari hii nitaomba barua kwanza, ndipo niibe.