Vistari Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Juni
Nimeitwa shuleni. Miaka sabini na moja, bado naitwa shuleni! Mjukuu wangu habanduki kwenye simu, alama zimeporomoka. Mshauri wa wanafunzi, mama mpole mwenye miwani ya kamba, katukalisha kimya wazazi na watoto dakika kumi. Macho chini, fuata pumzi inavyoingia na kutoka. Nimeifuata yangu hadi usingizini. Eti nilikoroma. Uzushi.

Kila mwanafunzi kapewa daftari. Mkono ukikimbilia simu, simama, vuta pumzi tatu, chora kistari, andika kilichokutuma. Ukaguzi Ijumaa.

Jioni binti yangu kapiga simu kutoka huko kazini kwake mbali. Kasema, baba, daftari likiwa baya mwanangu anakwenda bweni. Nikacheka. Simu ilipokatika sikucheka. Tangu mke wangu afariki, sauti pekee humu ndani ni ya mtoto huyu akiniambia, Babu wee, umevaa sweta kinyume.

Jumatano, 5 Juni
Fundi cherehani, jirani yangu, kaja kuazima ngazi. Kumbe kaja kuringa! Mjukuu wake yuko darasa hilohilo, na tangu Jumatatu ana vistari vinne tu. Kasema malezi hayajifichi. Na suruali aliyonishonea ina mguu mmoja mrefu.

Mjukuu alipoingia kuoga nikachungulia daftari lake. Arobaini na saba! Pembeni maandishi kama sisimizi. Sikuhangaika kuyasoma. Dhambi ni dhambi. Nimeliona bweni kwa macho yangu.

Ijumaa, 7 Juni, asubuhi
Kaingia kuoga. Kifutio, dakika nane. Nimebakiza vitatu, fundi akome. Makombo nimeyapuliza. Kazi safi!

Ijumaa hiyohiyo, mchana
Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Tumekaa mbele ya mshauri, mimi na mjukuu. Kafungua daftari, kapitisha kidole pale palipofutwa. Kauliza vingine viko wapi. Kumbe kistari si kosa! Ni mara ambayo mtoto kaushtukia mkono wake, akausimamisha. Daftari tupu ni la mtu ambaye simu inamwendesha naye hana habari. Wa fundi na vinne vyake kapewa barua ya onyo. (Hapo nilifurahi kidogo. Mungu anisamehe.)

Mshauri kainua ukurasa dirishani. Penseli ilikuwa imeacha makovu. Kasoma polepole: naangalia kama mama ameandika. Kingine: naangalia kama mama ameandika. Kingine: nyumba kimya, Babu amelala.

Mjukuu hakulia. Kasema tu, Babu, hivyo vyote nilikuwa nimesimama. Vyote.

Nimetazama viatu vyangu. Nimekiri. Mjukuu kapewa wiki nyingine.

Jumapili, 9 Juni
Mjukuu kaniletea daftari langu mwenyewe. Mkono ukiniwasha kugusa vitu vyake, nisimame, pumzi tatu, nichore kistari. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Kasema ndiyo maana kanunua kubwa.

Tukakaa kwenye benchi la jikoni, simu katikati, kifudifudi. Ikalia. Mama yake, bila shaka. Mkono wake ukaikimbilia, ukasimama njiani. Pumzi moja, mbili, tatu. Kachora kistari ndipo akaichukua. Sikukoroma.

Ijumaa, 14 Juni
Leo ukaguzi. Nimechungulia. Vistari ishirini na tisa tu, maskini! Na kajitahidi hivyo! Nani atamwacha nyumbani kwa ishirini na tisa?

Bado anaoga. Nimemwongezea mia moja, kwa mwandiko wake mdogomdogo. Sababu nimeweka moja kwa vyote: namkumbuka Babu.

Daftari langu mimi nimelikagua pia. Wiki nzima halina kistari hata kimoja. Jeupe pee! Mkono wangu hauna tatizo lolote.